Inchi Tano na Nusu

Kitofali cha mbao ninachotengeneza katika karakana yangu hapa Ngamiani, Tanga, kina urefu wa inchi 5½, upana wa inchi 2¾ na unene wa inchi 1⅜. Vipimo hivi sikuvibuni mimi. Vina umri wa zaidi ya miaka 100. Vilipangwa New York na mwalimu mwanamke aliyejua kushika msumeno, naye alikuwa akiendeleza kazi iliyoanzia kwenye vilima vya Thuringia, katikati ya Ujerumani, kabla yeye hajazaliwa.

Mzazi akija kuniulizia kichezeo cha kudumu, swali lake la kwanza mara nyingi ni la mbao: hiki ni mninga au mtiki? Ni swali zuri na nitalijibu. Lakini gari la mninga linaweza kukaa miaka 30 bila kuvunjika, na bado likawa limemchosha mtoto kabla mvua za vuli hazijakatika. Kinachokifanya kichezeo kikue pamoja na mtoto ni kipimo chake, yaani namna kipande kimoja kinavyokubaliana na kingine, na cha leo kinavyokubaliana na kitakachonunuliwa mwakani. Walimu, maseremala na mainjinia wamelihangaikia jambo hilo kwa karne mbili. Sambamba nao ipo habari nyingine, chungu, ya watoto waliougua mpaka watu wazima wakajifunza nini kisipakwe kwenye vitu vyao wala kisiwekwe mikononi mwao. Habari hizo mbili siwezi kuzitenganisha, kwa sababu benchini kwangu zinakutana kila siku.

John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, alichapisha mwaka 1693 kitabu cha mawazo yake juu ya malezi. Alikuwa amesomea utabibu, na inaonekana. Anasema mtoto mdogo hutosheka na kokoto laini, kipande cha karatasi, bunda la funguo za mama yake, au chochote kisichoweza kumuumiza, sawasawa na vile vya ghali vya dukani. Hakupenda watoto warundikiwe vitu. Alitaka wajitengenezee vya kwao, na wasaidiwe pale tu kazi inapouzidi ufundi wao. Katika kitabu hicho hicho anasimulia habari ya baba mmoja aliyebandika irabu kwenye pande sita za dadu, maana Y aliihesabu humo, na konsonanti 18 kwenye dadu nyingine tatu, watoto wake wakajifunza herufi kwa kuzirusha. Vitofali vya herufi tunavyoviona mpaka leo vina asili huko.

Nikisoma maneno ya Locke huwakumbuka watoto wa mitaa yetu na magari yao ya waya. Mtoto wa miaka mitano anaomba kaka yake amkunjie. Akifika minane anakunja mwenyewe, magurudumu ya ndala au vifuniko. Akifika kumi na miwili gari lake lina usukani mrefu unaopinda magurudumu ya mbele, na anabishana na wenzake juu ya springi. Hakuna duka lililopanga ngazi hizo. Waya una ncha, na macho ya watoto yameumia kwa ncha hizo, lakini kama kichezeo kinachokua na mwenyewe sijaona cha kukizidi.

Aliyelifanya jambo hili kuwa mpango kamili ni Friedrich Fröbel. Alizaliwa mwaka 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, na mama yake alifariki kabla yeye hajatimiza mwaka. Ujanani aliwekwa kwa bwana misitu ajifunze kazi. Baadaye alikaa Yverdon, Uswisi, kwenye shule ya mwalimu Pestalozzi, kisha akafanya kazi Berlin chini ya Christian Samuel Weiss, mtaalamu wa fuwele za madini. Misitu, watoto, fuwele: mtu akipita njia hiyo si ajabu akaishia kukata mbao kwa pembe kamili na kumpa mtoto. Mwaka 1837, akiwa na miaka 55, alifungua kazi yake Blankenburg, na mwaka 1840 akaipa shule ya watoto wadogo jina linalotumika hadi leo duniani, kindergarten.

Vifaa vyake aliviita zawadi, na vilifuatana kwa namba. Zawadi ya kwanza ilikuwa mipira sita ya sufu, laini, ya kushikwa na mtoto mchanga. Ya pili ilikuwa tufe, mchemraba na mcheduara wa mbao. Ya tatu ndiyo inayonigusa kama fundi. Ni mchemraba wa inchi mbili kila upande, uliokatwa mara moja kwa urefu, mara moja kwa upana na mara moja kwa kimo, ukatoa michemraba minane ya inchi moja. Inakaa ndani ya kisanduku chenye kifuniko cha kusukuma. Mwalimu anakipindua kisanduku mezani, anakivuta kifuniko taratibu kutoka chini, kisha anakinyanyua kisanduku juu. Mchemraba unabaki umesimama mzima mbele ya mtoto, kana kwamba haujawahi kukatwa. Mtoto anaugusa, unaachana.

Hebu fikiria kazi ya seremala aliyetengeneza kile kisanduku. Michemraba minane ikizidi hata unene wa karatasi mbili kila mmoja, haitaingia. Ikipungua, itacheza ndani na mchemraba hautasimama mzima. Uzuri wote wa zawadi ya tatu uko kwenye usahihi wa msumeno. Zawadi ya nne ni mchemraba ule ule wa inchi mbili, lakini safari hii umekatwa vipande vinane bapa, kila kimoja inchi 2 kwa 1 kwa nusu. Kwa hiyo mtoto aliyekwisha izoea ya tatu akipewa ya nne, vipande vya zote mbili vinapangika pamoja bila kuachiana pengo. Zawadi ya tano ni mchemraba wa inchi tatu wenye vipande vya inchi moja, vingine vikiwa vimekatwa mshazari, nusu na robo, ili mtoto aliyekomaa apate mapaa na minara. Kila kisanduku kinajengewa juu ya kilichotangulia. Hakuna cha kutupwa.

Fröbel alikuwa na sharti moja ninalolipenda: mtoto asibomoe ili aanze upya, bali akibadilishe alichokijenga, kipande baada ya kipande, kiti kiwe meza, meza iwe ngazi, na vipande vyote vitumike. Alikuwa pia na upande nisioupenda. Alipanga mno. Wafuasi wake waliokuja baadaye waliligeuza jambo kuwa gwaride, watoto wote wakiweka mchemraba wa kwanza kwa amri, kisha wa pili kwa amri, kwenye meza zilizochorwa miraba. Serikali ya Prussia, kwa sababu nyingine kabisa, ilizipiga marufuku shule zake Agosti 1851, ikizituhumu kwa ukanaji Mungu na ujamaa, na inasemekana mambo ya mpwa wake Karl yalichanganywa na yake. Fröbel alifariki Juni 1852. Marufuku iliondolewa mwaka 1860, lakini kufikia wakati huo walimu wake walikwisha tawanyika na visanduku vyao kwenda nchi nyingine, na Marekani ikawa moja ya nchi zilizovipokea kwa mikono miwili. Huko, kwenye maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876, mama mmoja alivipenda akamnunulia mwanawe wa miaka tisa. Mtoto huyo alikuwa Frank Lloyd Wright. Alipokuja kuwa msanifu majengo mashuhuri, uzeeni, alisema bado anavihisi vile vipande vya mbao vidoleni mwake.

Karibu na kwao Fröbel, katika mji wa Rudolstadt, kulizuka mpango mwingine wa kufuatanisha vipimo. Ndugu wawili, Otto na Gustav Lilienthal, walibuni namna ya kutengeneza vitofali vya mawe kwa mchanga, chokaa na mafuta ya kitani. Otto ndiye yule aliyekuja kuruka kwa mabawa na kufa kwa kuanguka mwaka 1896. Hawakufanikiwa kibiashara, wakamwuzia mbinu yao Friedrich Adolf Richter, naye akavisambaza kwa nembo ya nanga. Vilikuwa vya rangi tatu: nyekundu ya tofali, buluu ya paa na manjano hafifu ya jiwe. Ujanja wa Richter ulikuwa kwenye visanduku vya nyongeza. Mtoto alianza na kisanduku kidogo. Sikukuu iliyofuata babu alinunua nyongeza yake, na viwili hivyo vikijumlishwa vilikuwa sawasawa na kisanduku kikubwa kilichofuata, pamoja na michoro yake ya majengo. Familia ingeweza kupanda ngazi hiyo kwa miaka. Uzalishaji ulisimama mwaka 1963, ukaanza tena mjini hapo hapo mwaka 1995.

Sasa ile habari chungu. Miaka ya 1890, huko Brisbane, Queensland, Australia, madaktari wa hospitali ya watoto waliona watoto wenye maumivu makali ya tumbo, mikono iliyolegea, wengine wakipoteza uoni. A. Jefferis Turner aliandika mwaka 1892 kwamba ni sumu ya madini ya risasi. Lakini inatoka wapi? Maji yalipimwa, vyombo vikachunguzwa. Mwaka 1904 daktari wa macho, J. Lockhart Gibson, alielekeza kidole kwenye rangi ya nyumba: zile baraza za mbao na vizuizi vyake, vilivyopakwa rangi yenye risasi, jua la Queensland likiisaga kuwa unga. Watoto walicheza hapo, wakashika, wakatia vidole mdomoni. Wengi hawakumsadiki. Sheria ya kuizuia rangi hiyo pale inapofikiwa na watoto ilipitishwa Queensland mwaka 1922, miaka 18 baadaye.

Naifikiria miaka hiyo 18 kila ninapofungua kopo. Ujerumani, nchi iliyokuwa ikiuza vichezeo dunia nzima, ilikuwa na sheria tangu Julai 1887 iliyokataza rangi za sumu kwenye vyakula na bidhaa kadhaa, vichezeo vikiwemo, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ilikuwa siri. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi kwa nyumba na vichezeo mwaka 1978. Na hata hivyo mwaka 2007 mamilioni ya vichezeo yalirudishwa kutoka maduka ya Marekani na Ulaya kwa sababu risasi ilikutwa tena kwenye rangi zake, na mwaka uliofuata sheria ikakazwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Inaharibu ubongo unaokua, na kilichoharibiwa hakirudi.

Sasa nirudi kwa yule mwalimu wa inchi 5½. Caroline Pratt alizaliwa mwaka 1867 Fayetteville, jimbo la New York. Alianza ualimu akiwa binti, akasomea useremala wa shuleni, kisha akafundisha useremala kwa wasichana Philadelphia. Huko alikichoka alichokuwa akikifundisha: mwanafunzi anakata kiungo kizuri kisichounganisha chochote, kwa zoezi tu. Alihamia New York, akawa anawatazama watoto wa maskini wakicheza. Aliona pia darasa la Patty Smith Hill, ambako watoto waliachiwa vitofali wakajenga watakavyo, bila amri ya mwalimu. Hapo ndipo mstari wa Fröbel ulipokatika na kuendelea kwa wakati mmoja. Pratt alikitupa kile kitabu cha amri akabaki na kipimo.

Mwaka 1914 shule yake ilianza katika mtaa wa Greenwich Village na watoto wachache wa miaka mitano, na baadaye ikaitwa City and Country School. Ipo mpaka leo na vitofali vyake bado vinatumika. Alivitengeneza kwa mbao ngumu ya nchi za baridi, bila rangi, bila herufi, bila picha. Hakuvichukulia hataza. Mtu yeyote duniani ana ruhusa ya kuvinakili, na ndiyo maana mimi ninavinakili bila kumwibia mtu.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Unene ukiuongeza mara mbili unapata upana. Upana ukiuongeza mara mbili unapata urefu. Kwa hiyo vitofali vinne vilivyolazwa bapa, kimoja juu ya kingine, vinalingana kimo na kitofali kimoja kilichosimamishwa wima. Vipo vya nusu, vya maradufu vya inchi 11, na virefu vya inchi 22. Mtoto anasimamisha kimoja kushoto, analaza vinne kulia, anaweka kirefu juu: daraja limetulia. Hakuna aliyemwambia kwamba nne ya hiki ni moja ya kile. Mkono wake umejua. Miaka miwili baadaye, mwalimu akiandika sehemu ubaoni, mtoto huyo anakutana na jamaa yake wa zamani.

Ikiwa seremala amekosea unene kwa nusu milimita tu, vile vinne vimekosea milimita mbili, na daraja linainama. Mtoto hatajua kwamba kosa ni la fundi. Atadhani ni lake, atajaribu tena, ataacha. Kwa sababu hiyo nasema kitofali kisicho na kipimo ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, na sioni aibu kumrudisha kijana wangu benchini kwa unene wa kucha.

Harriet Johnson, aliyeendesha shule ya watoto wadogo hapo hapo New York, aliandika mwaka 1933 jinsi mchezo wa vitofali unavyokua, baada ya kuwatazama watoto kwa miaka. Kwanza mtoto anavibeba tu, toka huku kwenda kule, hajengi kitu. Wazazi wengi hukata tamaa hapa na kusema mtoto havitaki. Kisha anapanga safu chini au anarundika juu. Kisha anagundua daraja: viwili vimeachana, cha tatu kimeziba. Baadaye anazungushia, anapata ua lenye ndani na nje. Inafuata mipangilio ya ulinganifu, huku na huku sawa. Halafu anaanza kuyapa majengo majina, na mwisho anajenga mahali anapopajua na kuigiza maisha yake. Hapa Tanga nimeona mahali hapo pakiwa bandari, na kivuko, na duka la Mpemba. Ni mbao zile zile alizokuwa akizibeba alipokuwa na miaka miwili.

Jina linalojulikana zaidi katika ukoo huu ni la Billund, kijiji cha Denmark, na aliyelianzisha alikuwa seremala. Ole Kirk Kristiansen alinunua karakana mwaka 1916, akajenga nyumba na samani. Mdororo wa uchumi ulipofika hakuna aliyetaka nyumba, na mwaka 1932, mwaka ambao mkewe alifariki akamwachia wana wanne, akaanza kutengeneza ngazi, meza za kupigia pasi na vichezeo vya mbao. Jina la Lego alilipata mwaka 1934. Kuna habari moja inayosimuliwa sana kumhusu. Mwanawe Godtfred alirudi akiwa na furaha kwamba ameokoa fedha, kwa kuwa bata wa mbao walipakwa vanishi mikono miwili badala ya mitatu na tayari wamepelekwa stesheni. Baba alimtuma akawarudishe, awapake mkono wa tatu, awafungashe tena, peke yake. Mimi nikisikia habari hiyo simwoni mkali. Naona mtu aliyejua mkono wa tatu ni wa mdomo wa mtoto.

Plastiki ilifika Billund baada ya vita, pamoja na mashine kutoka Uingereza na sampuli za vitofali vya Hilary Fisher Page, Mwingereza aliyekuwa ametangulia kubuni vitofali vya kushikamana. Vya Lego vilianza kuuzwa mwaka 1949, lakini vilikuwa havishiki vizuri. Hataza ya mirija ya ndani, iliyovifanya vikamatane, iliombwa tarehe 28 Januari 1958. Ole Kirk alifariki Machi mwaka huo huo. Moto wa Februari 1960 uliteketeza ghala la vichezeo vya mbao, na wenye kampuni wakaamua kuiacha mbao moja kwa moja. Kama seremala inaniuma kidogo, lakini kanuni waliibeba. Kitofali cha 1958 kinashikamana na cha leo. Na mwaka 1969 walipotaka kumpa mtoto mdogo cha kwake, hawakubuni kipya. Walizidisha kila kipimo mara mbili wakakiita Duplo, na kitofali kidogo kinakaa juu ya kikubwa. Ndiyo hesabu ile ile ya Fröbel na Pratt, inchi zimekuwa milimita.

Ule ukubwa wa mara mbili una kazi nyingine. Tangu mwaka 1980 Marekani hupima vichezeo vya watoto wasiotimiza miaka mitatu kwa kikombe chenye kipenyo cha milimita 31.7, kilichowekwa kufuata koo la mtoto. Kipande chochote kikiingia chote humo, hakifai. Kitofali kidogo cha Lego cha vitufe vinne kinaingia, cha Duplo hakiingii. Nimekaa na penseli nikavipima hata vya zamani. Mchemraba wa Fröbel wa inchi moja hauingii, maana ulalo wa uso wake unakaribia milimita 36, lakini robo za zawadi ya tano zinaingia. Mchemraba mdogo kabisa wa mnara wa Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, ni wa sentimita moja, unaingia wala hauhitaji kusukumwa. Mnara huo ni kazi nzuri sana, michemraba kumi kuanzia sentimita 1 hadi 10, ila usikae sakafuni nyumba yenye mtoto anayetambaa.

Hapa kwetu elimu ya awali iliingizwa kwenye mfumo rasmi kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995, na madarasa yakaongezeka kuliko vifaa. Walimu wakafanya walichoweza: vijiti, mbegu, vizibo vya soda. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini kizibo cha soda kinaingia kwenye kile kikombe, na ukingo wake una meno. Kwa mtoto wa miaka mitano anayehesabu, sawa. Kwa mdogo wake anayeletwa darasani mgongoni, hapana. Karakana yangu ina kipande cha mbao nilichotoboa tundu la inchi 1¼, karibu kabisa na ile milimita 31.7, na mzazi yeyote akija na kichezeo cha dukani tunakipitisha hapo.

Na sasa lile swali la mbao. Natumia mtiki wa Longuza, kule Muheza, vipande vinavyobaki kwa watu wa milango. Umetulia, haupasuki, haubanduki vibanzi. Msonobari wa Sao Hill ni mwepesi na wa bei nafuu, unafaa kwa vitofali vikubwa, ila una utomvu na kona zake zinabonyea. Mvule na mninga siwapi watoto, vumbi lake huwasha hata kifua changu. Kuna mbao moja nakataa kabisa hata ikiletwa bure, nayo ni mbao ya dawa, ile yenye rangi ya kijani inayouzwa kwa ajili ya mapaa. Dawa hiyo aghalabu ina shaba, kromiamu na aseniki. Mchwa haigusi, na mtoto asiiguse.

Mbao huvimba na kusinyaa kwa upana na unene, urefu haubadiliki sana. Ukikata vitofali kwenye mbao mbichi, vikikauka vile vinne havitafika tena kimo cha kile kimoja. Kwa hiyo mbao inakaa juu ya dari ya karakana mpaka masika na kiangazi vimeipitia. Kisha randa, guni kila pembe, msumeno, halafu kuvunja makali ya kona zote kwa msasa, si kwa kuziviringisha sana, maana kona ikiwa duara mno mnara hausimami. Namalizia kwa nta ya nyuki niliyoyeyusha na mafuta ya kitani mabichi. Yale yanayouzwa kama yaliyochemshwa huwekewa madini ya kuharakisha kukauka, sitaki.

Mwalimu mkuu wa shule moja ya jirani alikuja mwezi uliopita, akaviangalia, akanusa kimoja.

"Fundi, havina rangi. Watoto watavipenda?"

"Watavipaka wenyewe, mwalimu. Leo ni basi, kesho ni msikiti."

"Fedha ya vitofali mia hatuna."

"Chukueni arobaini. Vizima ishirini na nne, nusu kumi, maradufu sita. Mwakani mkipata, mtaongeza, vitakaa na hivi."

"Na ikiwa mwakani hatukukupata?"

Nilimfungia kimoja zaidi kwenye gazeti, nikamwomba akiweke kabatini kisichezewe. Seremala yeyote mwenye futi na guni akiletewa hicho, ataweza kutoa vingine vyote.